Majina Sitini na Mawili

Sehemu ya Saba: Taulo la Placidius

Wiki iliyopita nilimwacha Kokushubira amepiga magoti katikati ya moshi, haoni mbele wala nyuma, na mkono wa mtu asiyemjua umemshika shingoni. Barua zenu nimezipata. Msomaji mmoja wa Kyerwa anasema mkono ule ni wa askari na nisimzungushe bure. Mwingine anaapa kwamba ni wa marehemu baba mkwe. Mmekosa wote wawili, na huyu wa pili namwomba apunguze kunywa rubisi.

Mkono haukumkaba. Ulimpachika usoni kitambaa kilicholowa maji, na sauti ya mwanamume ikamwambia sikioni, "Pumulia humu, shemeji. Simama. Moshi huu unakaa chini."

Kokushubira akasimama. Akavutwa, akajikwaa kwenye miguu ya watu, akasikia virungu vikitua migongoni na mzee mmoja akimwita mama yake aliyekufa zamani. Kisha akaipata hewa.

Walikuwa nyuma ya baraza la Kituntu, kwenye mibuni. Aliyemwokoa alikuwa Placidius wa Chonyonyo, mwanajeshi wa zamani aliyepigana Burma, ndugu wa kuchanjana na Kashaija. Na Kashaija, kwa wewe unayeanza kusoma leo, ndiye mume wa Kokushubira, na ndiye aliyewaleta watu pale.

Serikali ilisema migomba ina fukuzi. Bwana shamba akipita na kuliona shina lenye mdudu, shina ling'olewe, lipasuliwe, na mwenye kibanja chake cha migomba asibishe. Watu wa Ihembe, Chonyonyo na Kituntu waliona mabibi na mababu zao wamezikwa chini ya migomba ile ile, wakasema hapana. Kashaija akawaongoza watu mia tatu mpaka barazani, bila panga wala fimbo.

"Tukifika tupige magoti, kama tunavyompigia Mukama, mfalme wetu," aliwaambia asubuhi ile. "Polisi hampigi mtu aliyepiga magoti. Hata Mzungu ataona haya."

Wakapiga magoti, wazee mbele, akina mama nyuma yao. Ndipo yale makopo yalipoanza kudondoka katikati yao, yakifuka.

Sasa mibuni yote ilikuwa imejaa watu wanaokohoa. Maji ya kunawa macho hayakuwepo karibu, kwa hiyo Auleria, jirani wa Kokushubira, aliyekuwa ananyonyesha, alikaa chini ya mbuni akawakamulia watu maziwa machoni mmoja mmoja. Wazee wenye wajukuu waliinua nyuso zao kwake bila aibu. Aibu ilikuwa imebaki kule kwenye moshi.

"Kashaija yuko wapi?" Kokushubira aliuliza.

"Ndani ya baraza," alisema Placidius. "Waliita msemaji, akaingia. Mabomu yakaja baadaye."

"Wamempiga?"

Placidius akatazama pembeni. "Sikuona akipigwa."

"Umeona nini basi?"

"Nimeona mlango ukifungwa."

Kokushubira akaanza kulia, safari hii si kwa moshi. Alimshika Placidius mkono akamshukuru, akamwambia kwamba kama si yeye angekufa pale chini, na kwamba Kashaija akitoka atajua nani alikuwa ndugu yake siku ya shida. Akalikamua lile taulo la Placidius ajifute. Maji yakamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

Hapo akalitazama lile taulo.

Kilikuwa kiangazi, mwezi wa tatu bila tone la mvua. Kijito kiko bondeni, nusu saa kwenda na zaidi ya hapo kupanda. Taulo hili halikuloweshwa baada ya mabomu. Lilikuja barazani limelowa.

Akakumbuka na jambo la pili. Wakati watu mia tatu wanapiga magoti, yeye aligeuka nyuma mara moja akamwona mtu mmoja tu amesimama. Alikuwa huyu.

"Taulo hili ulilichovya majini saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kwa nini?"

"Jua lilikuwa kali."

"Tulipotoka nyumbani jua lilikuwa bado halijatoka, Placidius." Neno shemeji aliliacha.

Placidius alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili. "Jana jioni niliona masanduku yakishushwa kutoka kwenye lori la polisi. Masanduku ya namna ile niliyaona jeshini."

"Ukanyamaza."

"Sikunyamaza. Nilimwambia mtu mmoja."

"Nani?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza. Watu wako wamepofuka. Nani?"

Placidius akaweka mkono tumboni, karibu na kitovu, kama mtu aliyeshikwa na msokoto.

Msomaji, hapo Kokushubira alipaswa kutumia akili, maana jibu lilikuwa chini ya mkono ule. Siku Kashaija na Placidius walipofanya omukago, ni yeye Kokushubira aliyeshika sahani. Buni moja ilipasuliwa ikatoka mbegu mbili. Kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akaimeza mbegu yenye damu ya mwenzake. Na mzee aliyewasimamia akasema wazi, wote wakisikia: atakayemsema vibaya nduguye mbele ya mtu, hata kama ni kweli, tumbo litamvimba na atakufa. Kokushubira aliamini maneno yale sawasawa na alivyoiamini katekisimu ya mapadri.

Lakini hasira hasara. Badala ya kulitazama tumbo la Placidius, aliwatazama watu waliokuwa wakikohoa, akapaza sauti.

"Huyu alijua."

Auleria akainua kichwa. "Alijua nini?"

"Alijua kuhusu moshi. Alikuja na taulo lake. Alisimama peke yake sisi tumepiga magoti."

Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Placidius hakujitetea. Alivaa kofia yake, akaenda zake polepole, na mawe mawili matatu yakamfuata. Kabla jua halijatua, watu wazima waliokwenda Kituntu kutaka migomba yao isiguswe walikwenda Chonyonyo na mihoro, ile miundu yao ya shambani, wakakata migomba ya mwenzao yote. Ndivyo wanavyofanyiwa watu waliowauza wenzao, tangu zamani.

Kokushubira hakwenda. Alisikia habari tu, akasema, "Vizuri."

Asubuhi iliyofuata alikaa kibarazani kwake Ihembe akimenya ndizi za kumpelekea mumewe. Macho yake yalikuwa bado mekundu, yamevimba. Na kama desturi yake ya siku zile, alikuwa akinong'ona kila ganda linapoanguka: Rwegoshora wa Ihembe, Egbert wa Ihembe, Kemirembe mjane wa Egbert mkubwa, Novatus fundi baiskeli.

Yalikuwa majina ya kwenye karatasi.

Karatasi ile ilikuwa makubaliano ya nyumba sitini na mbili kwamba hawatang'oa migomba yao. Kokushubira ndiye aliyeizungusha nyumba kwa nyumba, maana mwanamke mwenye kikapu haulizwi anakwenda wapi. Kila nyumba, aliyejua kuandika aliandika jina, kwa ile penseli ambayo ukiilamba inageuka zambarau. Kwa wiki nzima ungeweza kumjua aliyetia sahihi kwa kutazama midomo yake. Kokushubira hakujua kusoma. Akaogopa karatasi isije ikapotea, kwa hiyo kila jina lilipoandikwa aliuliza linasemaje, akalikariri, kama alivyokariri katekisimu. Kashaija alikuwa akimcheka jioni.

"Unanisalia rozari ya migomba," alikuwa akimwambia.

Mstari wa juu peke yake ndio uliandikwa kwa wino, na aliuandika Kashaija kabla karatasi haijaanza safari. Alipata kuwa karani wa baraza miaka miwili, na kalamu alikuwa nayo. "Kichwa cha barua lazima kiwe cha wino wa ofisi," alisema. "Wino huu hata shati likichemshwa hautoki."

"Umeandika nini?"

"Salamu kwa Bwana Mkubwa wa Wilaya."

Akaona fahari, maskini. Mume anayejua kumsalimu Bwana Mkubwa kwa wino.

Alikuwa amefika kwenye jina la arobaini hivi alipoingia Projest, tarishi wa baraza, na kofia yake ya kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Mume wako amenituma. Anasema umletee chakula leo, na ile karatasi. Bwana Mkubwa anafika kutoka Bukoba. Anataka ampe mwenyewe, mkononi."

"Amekuagiza kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Mzima?"

"Mzima."

"Wamemuumiza?"

Projest akakuna shingo. "Mama, mimi ni tarishi. Nabeba maneno, sibebi mengine." Akaondoka bila kunywa hata maji.

Kokushubira alifurahi. Nakwambia kweli, alifurahi mpaka akaimba. Mume wake alikuwa mzima, Bwana Mkubwa anakuja, karatasi itasomwa. Akapika, akafunga chakula kwenye majani ya mgomba. Karatasi akaikunja ndani ya jani kavu, akailaza chini kabisa ya kikapu. Juu akaweka kibuyu cha maji ya kunawa, maana mke gani anampelekea mumewe chakula bila maji ya kunawa.

Njiani, kwenye mteremko wa kwenda Kituntu, mtu alikuwa ameketi juu ya jiwe akimngoja. Alikuwa Placidius.

Kokushubira alitaka kupita. Lakini alimwona macho, akasimama. Yalikuwa mekundu, yamevimba kuliko yake, na la kushoto limefumba kabisa. Ndipo akakumbuka kitu alichokisahau tangu jana. Taulo lilikuwa moja, na mwenye taulo alimpa yeye.

"Wamekata yote?" aliuliza.

"Wamebakiza mitatu nyuma ya jiko. Nadhani hawakuiona."

Kokushubira alitafuta neno la kuomba radhi, akalikosa. Utasemaje samahani kwa kibanja kizima?

"Unakwenda kwa Kashaija," alisema Placidius.

"Nampelekea chakula."

"Na karatasi?"

Kokushubira akakihamishia kikapu mkono wa pili.

"Sawa. Siwezi kukuambia neno, shemeji. Unajua nilichokula, ulishika sahani wewe mwenyewe. Lakini kabla hujampa kitu, mtazame macho." Placidius akainuka, akajipapasa tumbo. "Hilo si neno baya. Nimesema mtazame macho tu."

Basi akaenda. Na nyimbo zilikuwa zimeisha.

Nje ya baraza, wanawake walikuwa wamepanga mstari na vikapu vyao. Wote macho mekundu. Kwenye dirisha la mahabusu zilionekana nyuso za wanaume kumi na wanane, wamebanana, macho mekundu. Hata askari walikuwa wanajifuta, kwa sababu upepo wa jana haukuchagua. Sajini Cassian, mtu wa Muleba, aliyesimamia lango, alikuwa na leso mkononi na macho yake yanatoka machozi kila akipepesa.

"Wewe wa nani, mama?"

"Mke wa Kashaija."

Sajini akamtazama kidogo. "Yeye hayuko na wale. Chumba cha pembeni."

Akatangulia, akamfungulia mlango, akabaki nje kwenye ukumbi.

Chumba kilikuwa na kiti. Kilikuwa na meza na kikombe cha chai. Kashaija aliinuka, shati lake safi, akaja kumpokea huku akitabasamu, na Kokushubira akamtazama macho.

Yalikuwa meupe.

Hayakuwa na mshipa mmoja mwekundu wala uvimbe. Kituntu nzima ilikuwa inalia tangu jana, polisi kwa raia, na macho ya kiongozi wao yalikuwa ya mtu aliyelala vizuri. Hii si bahati ya mtu aliyeitwa ndani kuzungumza. Mlango peke yake usingezuia moshi ule. Madirisha yalifungwa mapema, nyufa zikazibwa, na aliyekuwa ndani alijua kwa nini.

Nilimwambia mtu mmoja, alisema Placidius. Sasa Kokushubira alimjua huyo mtu. Alimjua kwa miaka kumi na minne na alimpikia kila siku.

"Umekuja nayo?" Kashaija aliuliza. Hakuuliza habari za nyumbani.

"Nimekuja na chakula."

"Nakuuliza karatasi, mke wangu."

Kokushubira aliweka kikapu mezani. Siku zote za ndoa yake alimpa mumewe chakula akiwa amepiga magoti, na hakupata kuona uzito. Leo alibaki amesimama.

Kashaija aliliona. Akashusha sauti. "Piga magoti basi. Sajini yuko pale, anatazama."

"Magoti yananiuma tangu jana."

Kashaija akaketi taratibu.

"Nani alituambia tupige magoti?" Kokushubira aliuliza.

"Mimi. Na hakuna aliyekufa."

"Moshi ule unakaa chini."

"Moshi hauui mtu." Alisema haraka, na kwa sauti ya mtu aliyeyasema maneno hayo peke yake mara nyingi. "Waliniahidi. Machozi tu, na fimbo mbili tatu, watu warudi nyumbani. Wangeweza kupiga risasi, unajua hilo? Nimewaokoa watu na risasi. Mtu akilia siku mbili amepungukiwa nini?"

"Mzee Ndyamukama haoni tangu jana. Akivuta pumzi kifua kinapiga filimbi. Ni baba yako mdogo, Kashaija. Ulimweka mstari wa mbele mwenyewe, ukamtandikia jani la kupigia magoti."

Kashaija akakishika kikombe cha chai, hakunywa.

"Walikuahidi nini kingine?" Kokushubira aliuliza.

"Ihembe itapata mkungu mpya."

Haya basi. Mkungu ni mkuu wa kijiji, mtu mkubwa, anakaa juu ya kiti na watu wanamsalimu wameinama. Kwa ajili ya kiti hicho watu mia tatu walivuta moshi. Lakini kilikuwa kimebaki kitu kimoja Kokushubira hajakielewa.

"Karatasi unaitakia nini, kama umeshawauza?"

"Wanataka majina ya nyumba zilizokula njama. Mimi nayajua ya Ihembe tu, hayafiki ishirini. Wataitwa, wataonywa, basi."

"Hao kumi na wanane pale dirishani wameonywa?"

Kashaija akakirudisha kikombe mezani.

"Na watu wakiuliza majina yametoka kwa nani?"

Kashaija akatazama mezani. Hapo Kokushubira akaelewa. Karatasi ilipaswa ifike polisi kwenye kikapu cha mke. Mkungu mpya wa Ihembe angebaki na mikono safi, na wanawake wote pale nje kwenye mstari walikuwa wameona nani aliyeingia na kikapu.

Kwa nini hakugeuka akakimbia? Angekimbilia wapi, na Sajini yuko mlangoni? Akainamisha kichwa, kama mke aliyeshindwa.

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye mwenye nyumba."

Akatoa majani ya chakula. Akatoa jani kavu, akalikunjua. Kashaija akanyoosha mikono yote miwili, akaipokea karatasi, akaifungua ili ahakikishe. Safu mbili za majina, mengine yamepinda, mengine makubwa kama ya watoto wa shule. Akatabasamu kwa mara ya pili.

"Ngoja kwanza unawe," Kokushubira alisema. "Chakula kinapoa."

Na akainamisha kibuyu.

Alimimina maji yote. Alimimina vizuri, kwa utaratibu, kama alivyommiminia kwa miaka kumi na minne, juu ya mikono na juu ya kile kilichokuwa mikononi. Kashaija alikawia kuelewa, kwa sababu mikono yake ilizoea. Alipoelewa, alifanya kosa la pili. Alijaribu kuikausha karatasi kwa kuisugua na viganja.

Penseli ile, ukiilamba kidogo, inaandika zambarau. Ukiimwagia kibuyu kizima, inatiririka. Egbert alimwagika juu ya Kemirembe. Novatus fundi baiskeli alienda mpaka pembeni akadondoka sakafuni. Nyumba sitini na mbili zikawa doa moja, na doa likapanda kwenye vidole vya Kashaija, kwenye kucha, mpaka kwenye mikono ya shati lake safi.

"Sajini," Kashaija aliita. "Sajini, njoo uone alichofanya."

Sajini Cassian aliingia. Alitazama sakafu, akatazama mikono ya Kashaija, akaichukua karatasi kwa ncha za vidole na kuipeleka dirishani. Akafuta macho yake kwa leso. Akasogeza karatasi karibu.

"Umebaki mstari mmoja," alisema. "Huu wa juu. Wa wino."

"Hiyo ni salamu tu, bwana," alisema Kokushubira. "Kwa Bwana Mkubwa."

Sajini akamtazama kwa namna ambayo mtu humtazama mgonjwa. Kisha akasoma, polepole.

"Kiongozi wetu katika jambo hili, aliyetukusanya na kutushawishi, ni Kokushubira binti Rwegoshora wa Ihembe."

Mke aligeuka akamtazama mume. Mstari ule uliandikwa kabla ya jina lolote, kabla ya penseli kulambwa nyumba ya kwanza. Miezi miwili mizima alizungusha hukumu yake mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kikapuni, na jioni akirudi mwandishi wa hukumu ile alimcheka na kula chakula chake. Kokushubira alidhani amekwisha kusalitiwa kiasi cha kutosha siku ile. Kumbe la jana lilikuwa dogo.

"Kokushubira ni nani?" Sajini aliuliza.

"Ni mimi."

"Na hawa wengine?"

"Wameondoka na maji, bwana."

Sajini Cassian alikaa na karatasi ile kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mzima, na mama yake kule Muleba alikuwa na migomba. Mwishowe akaikunja mara mbili.

"Njama ya mtu mmoja sijapata kuiona," alisema taratibu. "Nikimpelekea Bwana Mkubwa doa la zambarau na jina la mama mpika ndizi, atanicheka. Nenda nyumbani, mama. Nenda sasa hivi, kabla hajafika."

Kokushubira hakungoja aambiwe tena. Alichukua kikapu chake kitupu. Chakula alikiacha mezani, ale atakayekula. Alifika mlangoni, akaona jua la ukumbini, akaona mstari wa wanawake, na Auleria kati yao akimpungia mkono.

"Sajini," Kashaija alisema nyuma yake.

Alikuwa anajifuta viganja kwenye suruali, na zambarau haikutoka.

"Mke wangu hajui kusoma," alisema. "Muulize alikuwa anaikumbukaje karatasi yenyewe. Anayo kichwani. Majina yote sitini na mawili, moja baada ya jingine, huyasema akimenya ndizi."

Macho mekundu ya Sajini yakainuka. Aliikunjua tena ile karatasi, akaitazama, akaiweka mezani. Kisha akakivuta kile kiti, akakigeuza kuelekea mlangoni.

"Rudi, mama," alisema. "Kaa."